Surimono: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Chapa za Kijapani za Mashairi na Vyombo vya Nyumbani

Surimono ni nini hasa?

Kwa Kijapani neno hili lina maana ya "kitu kilichochapwa", lakini matumizi yake ni finyu kuliko maana. Surimono ni karatasi iliyochapwa kwa vibao vya mbao, yenye shairi moja au kadhaa pamoja na picha iliyofungamana na mashairi hayo. Washairi wa Edo, mji unaoitwa Tokyo leo, ndio walioziagiza, wakazigharimia na kupeana wao kwa wao, hasa Mwaka Mpya ulipoingia. Hazikuwa bidhaa ya dukani.

Shika jambo hilo tangu mwanzo, maana mengi yanatokana nalo. Picha za kawaida za Edo, za waigizaji na warembo, zilichapwa kwa wingi na kuuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida, na tangu 1790 zilitakiwa kuwa na muhuri wa mkaguzi wa serikali. Surimono, kwa kuwa ni zawadi ya faragha, kwa kawaida haina muhuri huo. Aliyeagiza hakuwa akitafuta faida, kwa hiyo mchapaji aliruhusiwa kutumia karatasi nene, unga wa madini na rangi nyingi kadiri mfuko wa chama cha washairi ulivyoruhusu. Idadi ilikuwa ndogo: wataalamu wengi hukadiria kati ya nakala 50 na 150 kwa picha moja.

Zilianza na kukoma lini?

Mzizi wake ni kalenda za picha. Japani ya wakati huo ilifuata mwezi mwandamo: kulikuwa na miezi mirefu ya siku 30 na mifupi ya siku 29, na mpangilio wake ulibadilika kila mwaka. Madeni yalilipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mtu wa kudai au kudaiwa alilazimika kujua mwezi upi ni mrefu. Uchapaji wa kalenda ulikuwa kwa kibali, kwa hiyo watu wa faragha walificha tarakimu za miezi ndani ya picha. Mwaka 1765 mchezo huu ulipamba moto katika mikutano ya kubadilishana kalenda, na Suzuki Harunobu alichora nyingi. Katika picha yake ya mvua ya ghafla, mwanamke anakimbilia nguo zilizoanikwa kambani. Ukitazama mapambo ya kimono inayopeperushwa na upepo, unakuta mwaka wenyewe na miezi mirefu: 2, 3, 5, 6, 8 na 10. Kalenda imefichwa kwenye nguo za kufua.

Washairi wa vyama vya kyoka walipokea sanaa hiyo na kuiongezea mashairi. Kilele kilikuwa takribani 1800 hadi 1835. Kisha ikaja njaa ya miaka ya Tenpo (1833–1837), halafu amri za kubana anasa za 1841–1843, na desturi ikadhoofika sana.

Kyoka ni ushairi wa aina gani?

Maana yake ni "wimbo wa wazimu". Umbo lake ni la tanka ya kale: mizani 31 kwa mpangilio wa 5-7-5-7-7. Kilicho cha kichaa ni maudhui: mshairi anachukua lugha ya heshima ya mashairi ya ikulu na kuizungumzia bei ya samaki au deni la mwisho wa mwaka.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa. Kijapani huhesabu mizani karibu kama sisi tunavyohesabu: kama vile "m" ya "mtu" inavyobeba mizani yake peke yake, ndivyo "n" ya "Nihon" inavyohesabiwa, hivyo neno hilo lina mizani tatu. Irabu ndefu huhesabiwa mara mbili. Vina havipo kabisa, na ukivitafuta utapoteza muda. Kinachobeba shairi ni neno lenye maana mbili, liitwalo kakekotoba. Mtu aliyekua akisikia mafumbo ya "paa" (mnyama, sehemu ya juu ya nyumba, kwenda angani, kutoa magamba ya samaki) hahitaji kufundishwa ladha yake. "Matsu" ni msonobari na pia ni kusubiri, na "haru" ni majira ya kuchipua na pia ni kutanuka au kuvimba. Mshairi huliweka neno pale ambapo nusu ya kwanza ya sentensi inalihitaji kwa maana moja na nusu ya pili kwa maana nyingine.

Kwa nini picha nyingi ni za vyombo tu: birika, kisanduku cha wino, kikapu, kiko?

Kwa sababu chombo kilichochorwa ni neno ambalo shairi halikulitamka. Picha ya surimono haielezi shairi, inalimalizia. Mtu akiitazama kama mapambo pembeni ya maandishi, ameikosa.

Chukua sinia la Mwaka Mpya. Kamba koche yupo kwa sababu mgongo wake umepinda kama wa mzee: ni dua ya maisha marefu. Danzi yupo kwa sababu jina lake, "daidai", linasikika kama "kizazi hadi kizazi". Mwani wa kombu hukumbusha "yorokobu", kufurahi. Samaki aina ya tai, wa jamii ya changu, yumo ndani ya neno "medetai", lenye maana ya jambo la heri. Biringani ni "nasu", na "nasu" pia ni kufanikisha. Ndiyo maana kuota Mlima Fuji, mwewe na biringani usiku wa kwanza wa mwaka ni bahati. Hakuna kitu kwenye sinia kilichowekwa ili kujaza nafasi.

Kila mwaka wa Kijapani una mnyama wake, katika mzunguko wa wanyama 12, naye huongoza picha. Mwaka 1822 ulikuwa wa farasi, na mchoraji Hokusai alichora mfululizo mzima wa surimono kwa ajili yake. Katika picha nyingi humwoni farasi. Unaona vyombo na mandhari ambavyo majina yake yameshikamana na farasi. Fikiria neno "koma": mwanafarasi, kete ya mchezo wa shogi, na pia ile ya watoto ya kuzungusha. (Nasi "pia" yetu ina maana mbili.) Mwaka mmoja kabla, 1821, alikuwa ametoa mfululizo wa picha 36 uliojengwa juu ya majina ya kombe za baharini, ambamo kombe lenyewe mara nyingi halichorwi.

Sababu ya pili ni ya kijamii. Mpokeaji alikuwa mshairi mwenzako. Kumchorea kila kitu waziwazi kungekuwa kama kumtegulia kitendawili kabla hajasema "tega".

Nianze vipi kuisoma surimono nisiyoijua?

Anza na vitu, maandishi baadaye. Orodhesha kila kilichochorwa, hata ua dogo kwenye kona au nakshi ya kitambaa, kwa sababu tarakimu za kalenda, nembo ya chama na mnyama wa mwaka hupenda kujificha kwenye nakshi. Ukimpata mnyama, umepunguza miaka inayowezekana: wanyama ni 12, kwa hiyo mwaka wa farasi ni 1810, 1822 au 1834. Mtindo na sahihi vitachagua mmoja.

Kisha tazama mashairi. Yanasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, juu kwenda chini, na jina la mshairi huja mwishoni mwa shairi lake. Mashairi yakiwa mengi, la kiongozi au mwamuzi wa chama kwa kawaida huwekwa mwisho, yaani kushoto kabisa. Jina hilo ndilo litakaloonyesha chama. Sahihi ya mchoraji hukaa peke yake, ikifuatwa na "ga" au "hitsu", yote yakiwa na maana ya kazi ya mkono wa fulani. Wengi hukosea hapa: huchukua jina la mshairi wakadhani ni la mchoraji.

Umbo la karatasi nalo ni ushahidi. Tangu miaka ya 1810 hivi lililotawala ni shikishibani, karibu mraba, takribani sentimita 20 kwa 18. Zile ndefu za awali zilichapwa kwenye karatasi nzima iliyokunjwa katikati kwa urefu, picha nusu moja na maandishi nusu nyingine, maandishi yakiwa kichwa chini ukiikunjua. Wakusanyaji wa baadaye walizikata na kutupa nusu ya maandishi, hasara isiyolipika. Ukiona picha ndefu nyembamba isiyo na shairi hata moja, chunguza ukingo wake wa chini kama una alama ya mkunjo au ya kisu.

Wachoraji gani ni wa kufahamu kwanza?

Kubo Shunman (1757–1820), kwa sababu alikuwa mshairi na kiongozi wa chama pamoja na kuwa mchoraji. Vyombo vyake vimetulia na rangi zake hazipigi kelele. Ryuryukyo Shinsai, mwanafunzi wa Hokusai, ni hodari wa picha za vitu bila watu. Totoya Hokkei (1780–1850) alikuwa muuza samaki kabla ya kuwa mchoraji, na jina Totoya linabeba kazi hiyo. Yashima Gakutei alikuwa mshairi pia, na hakuna aliyemzidi katika matumizi ya madini na mchapo wa kubonyeza. Hokusai (1760–1849) kila mtu anamjua kwa wimbi lake, lakini aliyeona surimono zake za vyombo ameona upande wake wa ndani zaidi.

Zilitengenezwa vipi, hatua kwa hatua?

Chama kilichagua mashairi na kumpa mchoraji. Mchoro safi ulifanywa kwenye karatasi nyembamba sana na kubandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri wa milimani. Kifudifudi, ili mchongo uwe kinyume na chapa itoke sawa. Mgongo wa karatasi ulisuguliwa hadi mistari ionekane, kisha mchongaji akaondoa mbao zote isipokuwa mistari. Maandishi ndiyo yaliyokuwa mtihani: mstari wa brashi unaonenepa na kukonda lazima ubaki na pumzi yake, na kisu kikiteleza nusu milimita herufi inakufa.

Kutoka ubao huo wa mistari zilitolewa chapa za majaribio kwa wino mweusi. Mchoraji aliweka alama ya rangi moja kwenye kila nakala, na kila nakala ikawa kiolezo cha ubao wa rangi hiyo. Siri ya kulinganisha vibao vyote ni kento: kona yenye umbo la L upande wa chini kulia wa ubao, na mstari mfupi kushoto kwake. Karatasi inakaa kwenye alama hizo mbili kila mara. Zikikosewa kwa unene wa unywele, rangi hutoka nje ya mstari.

Karatasi ilikuwa hosho, ya nyuzi za kozo, mti wa jamii ya mforosadi. Ni laini, nene na inastahimili kusuguliwa mara nyingi bila kuchanika. Mchapaji alipaka rangi na gundi ya mchele kwenye ubao, akaisambaza kwa brashi, akalaza karatasi yenye unyevu, akasugua mgongoni kwa bareni, kisahani cha kamba za nyuzi za mwanzi kilichofunikwa ganda la mwanzi. Hakuna mashine ya kukandamiza popote katika kazi hii.

Ile sehemu isiyo na rangi lakini imeinuka kama nakshi ni nini?

Ni karazuri, chapa tupu. Ubao unachongwa lakini haupakwi rangi. Karatasi yenye unyevu inasuguliwa juu yake hadi nyuzi zishike umbo. Hutumika kwa ufumaji wa kitambaa, manyoya ya ndege, theluji, ute wa kauri. Huwezi kuiona kwa mwanga wa mbele. Zima taa ya juu, weka taa moja ubavuni karibu usawa wa karatasi, na nakshi itajitokeza. Picha nyingi za mtandaoni zimepigwa kwa mwanga wa mbele, na ndiyo sababu watu hudhani surimono fulani ni tupu kumbe nusu ya kazi yake haijaonekana.

Je, dhahabu na fedha zake ni za kweli?

Mara nyingi "dhahabu" ni unga wa shaba ya manjano, yaani shaba na zinki. "Fedha" yaweza kuwa fedha au bati. Mng'ao laini kama wa lulu ni ulanga uliosagwa. Geuza karatasi: shaba ikiwa imeanza kuliwa na kutu, utaona doa la kahawia au la kijani mgongoni, likifuata umbo la sehemu ya dhahabu. Fedha hushika weusi kwa salfa iliyo hewani. Usijaribu kuisafisha. Ukiifuta weusi unafuta na unga wenyewe, kwa kuwa ulishikiliwa na gundi hafifu tu.

Kwa nini anga au maji yamekuwa rangi ya mchanga?

Buluu ya zamani ilitokana na ua la tsuyukusa, na haivumilii maji wala mwanga. Ikifa huacha rangi ya udongo mwepesi. Nyekundu na waridi za beni, kutoka maua ya kartamu, hupauka kwa mwanga upesi. Nyekundu ya risasi hugeuka nyeusi. Buluu kali isiyopauka ni ya Prussia, iliyoenea Edo karibu 1830. Ukiikuta imetanda kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1805, uliza maswali.

Nitatambuaje nakala za baadaye?

Hili ndilo tatizo kubwa la soko. Katika enzi ya Meiji (1868–1912), hasa miaka ya 1890, surimono nyingi za umbo la shikishibani zilichongwa upya kwenye vibao vipya na kuchapwa vizuri sana. Hokusai, Hokkei na Gakutei ndio walionakiliwa zaidi. Kuwepo kwa madini na karazuri si ushahidi wa uhalisi, kwa sababu nakala zinavyo pia.

Njia ya uhakika ni kulinganisha na chapa ya jumba la makumbusho iliyothibitishwa, mstari kwa mstari, kwa kioo cha kukuzia. Vibao viwili tofauti haviwezi kuwa na mistari inayokatika mahali pale pale. Anza na maandishi: kwenye nakala miisho ya herufi huwa migumu, kana kwamba aliyechonga alifuata umbo bila kujua anasoma nini. Halafu angalia nywele, nyuzi za kitambaa na muhuri wa mchoraji. Ukipata tofauti tatu au nne za wazi, ni vibao viwili. Kumbuka pia kwamba karatasi chafu haimaanishi umri, uchafu hununuliwa.

Naweza kuchapa surimono yangu nyumbani?

Ndiyo, na hakuna njia bora ya kuzielewa. Tumia ubao laini au plaiwudi yenye uso usio na nyuzi nene, unene wa milimita 5 au 6. Kwa picha ya sentimita 20 kwa 18, acha sentimita 3 za ziada upande wa chini kwa ajili ya kento, na uichonge kwa kina cha milimita 1 hivi. Panga vibao vinne: mistari, rangi mbili, na kimoja cha karazuri.

Gundi: vijiko viwili vya chai vya unga wa mchele katika mililita 100 za maji. Koroga baridi kwanza, kisha pika kwa moto mdogo ukiendelea kukoroga hadi iwe nzito na iangaze. Iache ipoe. Haidumu zaidi ya siku mbili au tatu bila kuchacha.

Karatasi: lowanisha kwa brashi pana karatasi moja, acha inayofuata ikiwa kavu, na uendelee hivyo hivyo. Zipange, zifunge kwenye plastiki usiku kucha. Asubuhi zote zitakuwa na unyevu sawa: baridi mkononi bila kulowesha vidole.

Kuchapa: weka rangi ya maji kwenye ubao, gundi kama punje mbili za mchele, sambaza kwa brashi, laza karatasi kwenye kento, sugua. Huna bareni? Mgongo wa kijiko cha mbao unatosha kwa kuanzia, ukiweka karatasi laini katikati.

Makosa yatatokea, na kila moja lina chanzo chake. Vidoadoa vyeupe, ambavyo Wajapani huviita ufuta, vinatokana na gundi kidogo, karatasi kukauka au msuguo dhaifu. Rangi ikivuja nje ya mstari, karatasi ina maji mengi. Karatasi ikinata na kuacha michirizi inayong'aa, umezidisha gundi. Rangi ikitoka nje ya mahali pake upande mmoja tu na kuzidi kadiri unavyoendelea, karatasi inakauka na kusinyaa. Irudishe kwenye plastiki. Na rangi ikikusanyika kwenye kingo za mashimo, hukuchonga mbali vya kutosha kuzunguka umbo.

Mfuatano una maana: mistari, rangi nyepesi, rangi nzito, madini, halafu karazuri mwisho kabisa. Ukiitanguliza karazuri, kila msuguo unaofuata utaibapa. Kwa unga wa madini, chapa gundi nzito kidogo mahali pake, subiri ianze kunata, nyunyiza unga kwa pamba, na ufagie uliobaki baada ya kukauka. Vaa barakoa, unga huo haufai mapafuni.

Nihifadhi vipi niliyonayo?

Ilaze kwenye fremu ya kadi isiyo na asidi, yenye kina cha kutosha ili kioo kisiguse nakshi. Ishikilie kwa bawaba mbili za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu tu. Selotepu hapana, hata kipande kimoja. Mwanga usizidi laksi 50, na kwa miezi michache tu kwa mwaka. Beni iliyopauka hairudi. Unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 50. Anayeishi pwani yenye joto na chumvi ajue kwamba ukungu ndio adui wa kwanza: sanduku lisiwe sakafuni wala kwenye ukuta wa nje, na lifunguliwe kila baada ya wiki chache kukaguliwa. Na usikubali mtu aipige pasi au kuikandamiza ili "inyooke". Karazuri itakwenda na mikunjo.

Zinapatikana wapi kutazamwa?

Chester Beatty mjini Dublin, Rijksmuseum mjini Amsterdam, Art Institute of Chicago, Harvard Art Museums, Metropolitan Museum ya New York na Museum of Fine Arts ya Boston zote zina hazina kubwa, na nyingi zimewekwa mtandaoni kwa picha kubwa. Chache mno huwa ukutani kwa wakati mmoja kwa sababu ya mwanga. Ukiwa karibu, omba miadi ya chumba cha kutazamia chapa, taja namba za kumbukumbu za zile unazozitaka, na ukifika omba taa ya ubavuni.